Kumfundisha mbwa michezo: mwongozo wa anayeanza, hata kama mbwa wako ni koko wa mtaani

Maswali ni yaleyale kila siku, kwa hiyo naandika mara moja halafu nitakuwa nawapa watu hii. "Mbwa wangu ni wa kienyeji, anafundishika kweli?" "Ana miaka mitatu sasa, si nimeshachelewa?" "Akikosea nimpige na nini?" Majibu kwa mpigo: anafundishika, hujachelewa, na usimpige na chochote.

Hili la kienyeji ngoja nilimalize kabisa maana ndilo linaloongoza. Watu wanaamini akili iko kwa jamani shepadi, wengine wote ni wa kubwekea geti. Ni kweli mbwa wa kuchunga kondoo wanashika haraka, kuna mmoja Marekani wa aina ya border collie aliitwa Chaser, alijua majina ya midoli 1,022, na utafiti wake ukachapishwa 2011. Ila watu wakiisimulia hiyo stori wanaruka kipande kimoja: mwenye mbwa, John Pilley, alikuwa profesa mstaafu wa saikolojia na alikaa na huyo mbwa masaa manne mpaka matano kwa siku, miaka mitatu. Wewe wa kwako unakaa naye dakika ngapi? Unampelekea ugali na dagaa jioni, unarudi ndani kuangalia mpira.

Ukitaka mfano wa karibu nenda Morogoro, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Panya! Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Wanafundishwa kwa mlio wa "klik" na ndizi, hamna fimbo pale. Sasa panya anaweza, huyo Simba wako anashindwaje.

Tena mbwa koko amejilea mwenyewe, anajua bucha inafungwa saa ngapi, anajua nani anarusha jiwe na nani anarusha mfupa, anasubiri daladala ipite ndo anavuka. Hiyo ndiyo akili yenyewe, kilichobaki ni mtu wa kumwonyesha kwako nini kinalipa.

Na michezo siyo mbwembwe za kuonyesha wageni. Mbwa anayetoa mkono unamkagua kupe na funza katikati ya vidole bila vita. Mbwa anayeenda kwake akiambiwa, jirani yako Mwislamu anapita uani na kanzu yake bila wasiwasi, maana mate ya mbwa kwake ni najisi na akilambwa itabidi aoshe mara saba, moja kwa udongo, sasa kwa nini umtie mwenzio kwenye kazi hiyo kila akija kuazima jembe. Mbwa anayekuja kugusa kiganja unamtoa barabarani kabla bajaji haijafika. Na yule wa mnyororo mchana kutwa, anayechimba mashimo na kutafuna ndala, mara nyingi hana ubaya wowote, hana kazi tu. Mpe dakika kumi za kutumia kichwa uone atakavyolala.

VITU VYA KUANDAA

Zawadi. Chakula kidogo, kilaini, kinachonukia, anachokipenda kuliko ugali wa kila siku. Mi natumia maini au mapupu, nachemsha bila chumvi wala kitunguu, nakata vipande saizi ya ukucha wa kidole kidogo, nagandisha kwenye vifuko. Mapupu ya buku mbili unaenda nayo siku nyingi. Soseji inafaa ila ina chumvi, iwe mara mojamoja. USIMPE chokoleti, kitunguu maji, kitunguu saumu, zabibu, korosho zilizochanganywa na makadamia, wala mifupa ya kuku iliyopikwa maana inavunjika vipande vyenye ncha vinachoma utumbo.

Neno la kumwambia kapatia. Moja tu, fupi, na nyumba nzima mlijue. Mi natumia "safi!". Ukiwa na kile kidude cha klika, kinachotoa mlio wa "klik" ukikibofya, sawa, kalamu ya kubofya nayo inafanya kazi hiyohiyo, usije ukaacha kuanza kisa kidude.

Mkanda wa shingo na kamba ya mita mbili hivi. Mnyororo mzito hapana, unamvuta kichwa chini na kelele yake inamchanganya.

Mahali patulivu. Uani kuku wamefungiwa, watoto wako shule, redio imezimwa.

Mbwa mzima wa afya. Chanjo ya kichaa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, dawa ya minyoo, kupe watolewe. Mbwa anayewashwa mwili mzima hawezi kukusikiliza, hata wewe usingeweza. Kama anachechemea au anagoma kukaa chini, aende kwanza kwa daktari wa mifugo, inawezekana nyonga inamuuma na we unamuita mkaidi.

Na muda: dakika tatu mpaka tano, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala. Sijasema umshindishe njaa, nimesema kabla hajala.

HATUA ZENYEWE

1. Mfundishe maana ya "safi"

Kaa naye, sema "safi!" halafu hapohapo mpe kipande. Humwambii afanye chochote. Tulia kidogo, "safi!", kipande. Rudia mara kumi na tano hivi, pumzika, jioni tena. Umefanikiwa siku ukisema "safi!" akiwa anaangalia pengine na shingo ikageuka yenyewe kukutafuta.

Watu wanairuka hatua hii wanaona ya kitoto, halafu hatua ya nne wanakuja kulalamika mbwa haelewi. Neno linatoka kwanza, chakula kinafuata. Ukivitoa pamoja atakodolea mkono na neno halisikii kabisa. Na litoke palepale anapopatia, ndani ya sekunde moja. Kama amekaa, akainuka, akajikuna, ndo unakumbuka "safi!", umempongeza kwa kujikuna, sawa na kumlipa fundi hela ya bati siku aliyokuja kuchimba choo.

2. Pua kwenye kiganja

Fungua kiganja, kiweke kama shubiri moja kutoka puani kwake, pembeni kidogo. Atanusa tu, mbwa gani anaacha kunusa. Pua ikigusa, "safi!", zawadi itoke mkono wa pili. Ondoa kiganja, kirudishe. Akigusa bila kusita sogeza mbali kidogo, kulia, kushoto, chini, mpaka awe anapiga hatua mbili tatu kukifuata. Hapo ndo unaweka neno "njoo": sema kwanza, kisha toa kiganja.

Onyo: usimwite "njoo" kwa jambo asilolipenda. Kumwogesha, kumfunga, yote hayo mfuate wewe alipo. Ukimwita mara mbili tu halafu unamfunga, umeliua neno na kulifufua ni kazi.

3. Kaa

Shika kipande puani kwake, pandisha taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, juu ya masikio. Kichwa kikifuata juu, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, "safi!". Akiruka umepandisha juu mno, akirudi nyuma mweke ukuta nyuma yake. Usimkandamize kiuno, watoto wa mbwa wanaumia na mkubwa anajifunza kukukwepa mikono.

Baada ya mara tano sita fanya hivyohivyo mkono mtupu, zawadi iko mfukoni. Neno linakuja mwisho, akishakaa kwa ishara bila shida. Kama nyumbani kwenu "karibu, kaa" inasemwa kwa kila anayeingia, chagua neno lingine, wengine wanasema "chini", wengine "sit", kwake yeye ni sauti tu. Ila mkishachagua hamna kubadili, siyo baba anasema hivi na mama vile.

4. Mkono

Hapa ndo uweke nguvu kuliko popote.

Mbwa amekaa. Ficha kipande ndani ya ngumi, ishushe karibu na mguu wake wa mbele, chini ya kifua. Atanusa, atalamba, atasukuma kwa pua, we kimya. Usimsaidie kwa kumwinua mguu, mbwa anayeinuliwa mguu anajifunza kuinuliwa. Ikishindikana kwa pua atajaribu kucha. Mguu ukiinuka hata kidogo tu kutoka chini, "safi!", fungua ngumi ale. Baada ya muda atakuwa anaukwangua mkono wako kwa makusudi, na utaona masikio yamesimama, macho yanacheza kati ya ngumi na uso wako, yaani anawaza kabisa. Hapo fungua kiganja, akiweka mguu juu yake, "safi!", zawadi mkono wa pili.

Sasa ndo faida inaanza. Mguu ukiwa kiganjani, ushike sekunde moja, "safi!". Kisha sekunde tatu. Kisha bonyeza kidogo kidole kimoja, "safi!". Kisha tenganisha vidole viwili uangalie katikati. Kupe wanajificha humohumo, penye ngozi laini kati ya pedi za nyayo na manyoya, na funza utamjua kwa kijivimbe cheupe chenye doa jeusi katikati. Ukimkuta funza usichokonoe kwa pini iliyookotwa, muone bwana mifugo. Siku nyingine gusa ukucha kwa mkasi bila kukata, "safi!". Siku nyingine kata ncha ya ukucha mmoja, mmoja tu, mwachie aende. Rudia na mguu wa pili kama unaanza upya, kwake ni somo jipya.

Akiuvuta mguu mwachie. Muda wote. Akijua anaweza kuutoa ndo atakuachia ukae nao, ukimng'ang'ania siku moja tu kesho hakupi. Siku ya chanjo utaona tofauti, wenzio wanaburuta mbwa kwa kamba, anakojoa njiani, anataka kung'ata watu, wa kwako anakaa na kutoa mkono kwa daktari.

5. Kwako

Tandika gunia au mkeka mkuukuu, subiri. Akikanyaga hata mguu mmoja, "safi!" na zawadi itupe juu ya gunia, siyo mkononi, tunataka ajue gunia ndo linatoa chakula. Miguu minne ikishaingia mara kadhaa, subiri akae au alale ndo ulipe. Halafu ongeza neno "kwako". Kisha neno la kumruhusu kutoka, mi nasema "haya".

Rudi nyuma hatua moja, rudi kwake, lipa. Hatua mbili. Geuza mgongo. Gonga geti mwenyewe kwa nje, rudi ulipe. Halafu omba mtu wa nyumbani agonge na aseme hodi. Usikimbilie mgeni wa kweli kabla haya hayajakaa sawa. Baadaye sogeza gunia popote, barazani, chini ya mwembe, hata kwa jirani.

6. Zunguka

Huu ni wa furaha tu na unashikwa haraka. Kipande puani, mzungushe duara pana mpaka arudi alipoanzia, "safi!". Punguza ukubwa wa ishara kila siku mpaka ibaki kidole kimoja. Mbwa mzee mwenye mgongo mbovu asifanyishwe.

7. Pima kama anajua neno au anakusoma mwili

Ujerumani zamani, miaka ya 1900 na kitu, kulikuwa na farasi anaitwa Hans, watu wanajaa Berlin kumwona akipiga hesabu kwa kugonga kwato. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst akamchunguza, na mwaka 1907 akachapisha alichokuta: farasi hajui hesabu, anaangalia uso na shingo ya muulizaji, jibu likifika mtu analegea bila kujijua na farasi anaacha kugonga. Mwenye farasi hakuwa tapeli, hata yeye hakujua kama anatoa ishara.

Mbwa wako anafanya vilevile, tena mbwa ni fundi zaidi wa kusoma watu. Kwa hiyo weka mikono nyuma, simama wima, angalia juu ya paa, sema "kaa" mara moja. Asipokaa usimkasirikie, alikuwa anafuata mkono siyo neno. Rudi ufanye hivi: neno, hesabu moja, ndo ishara. Baada ya siku kadhaa ataanza kukaa kabla ya ishara, hapo lipa vipande vitatu kwa mpigo.

8. Toka nje ya uani

Mbwa hahamishi somo kama sisi. Anachojua uani, barabarani hakijui. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: muda mrefu zaidi, AU umbali, AU vurugu. Ukiongeza muda punguza vurugu. Akipatia mara nane kwenye kumi pandisha, akikosa mara mbili mfululizo rudi nyuma kidogo. Ukiwa nje ya geti kamba ibaki shingoni hata kama unamwamini, pikipiki hazina habari na mafunzo yako.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kurudia neno. "Kaa. Kaa. Kaa! We kaa!" Umeshamfundisha kwamba neno ni "kaa kaa kaa we kaa". Sema mara moja, subiri, kama hamna kitu saidia kwa ishara.

Kipindi kirefu. Nusu saa jumapili haifikii dakika nne kila siku. Acha akiwa bado anataka.

Kipigo. Mbwa anayepigwa anaacha kujaribu vitu, na asiyejaribu humfundishi chochote, utabaki na mbwa aliyejikunyata unamuita mpole. Na ukimpiga kwa kunguruma atajifunza kutonguruma, siku moja atang'ata bila kutoa taarifa.

Kuacha zawadi mapema. Punguza polepole, leo mlipe kila mara, baadaye mara tatu kati ya tano bila mpangilio. Zawadi siyo lazima iwe chakula, wale mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandari ya Mombasa mshahara wao ni kuchezeshwa mpira.

AKIGOMA, ANGALIA HAPA

Hataki chakula kabisa. Ameshiba, kuna joto, anaogopa, au anaumwa. Jaribu alfajiri, kwa kitu kinachonukia zaidi. Akikataa hata nyama na jana alikuwa mzima, daktari.

Anakung'ata vidole akipokea. Weka kipande katikati ya kiganja kilichofunguka, au kidondoshe chini. Mara nyingi ni haraka tu, amezoea kugombania chakula na wenzake.

Anatoa mkono hata hujamwomba, anakwangua kila mgeni. Somo lako limemnogea. Mkono ambao haujaombwa haulipwi, hata kuangaliwa hauangaliwi. Ukiuomba, unalipwa.

Alikuwa anajua, ghafla amesahau. Angalia kilichobadilika, pengine umevaa kofia, umekaa kwenye kiti badala ya kusimama, au kuna jike la jirani lina joto. Rudi hatua mbili nyuma kwa siku mbili tatu, anarudi mwenyewe.

Ananguruma ukimgusa sehemu moja tu. Pana maumivu au pana hofu. Simamisha mazoezi, apimwe. Ikitokea amemng'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo na hata kama ni mkwaruzo.

Ananisikiliza mimi tu, watoto anawapuuza. Bado hajaambiwa kwamba na wao wanalipa. Mpe mtoto vipande vitano, simama nyuma yake, mtoto aanze hatua ya kwanza na ya pili tu mwanzoni, na zawadi aitupe chini badala ya kulisha mkononi. Mtoto mdogo asibaki peke yake na mbwa kwenye mazoezi, hata akiwa mbwa mliyemlea wenyewe toka hajafungua macho.